Sura ya Tisa: Pole ya Hospitalini

"Amekuja peke yake," shangazi Socorro alisema, akilisogeza pazia kwa kidole kimoja. "Hana baba, hana mama, hana hata mzee wa kuokota njiani. Ana kikapu tu. Jamani, huyu anakuja kuposa au anakuja kuuza mikate?"

Nereida Treviño alimsikia kutoka jikoni, na kila neno lilimchoma. Alikuwa amevaa gauni la njano ambalo Emmett alilipenda. Nywele alizisuka upya mara tu walipotoka kanisani, na tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni. Mwanamume aliyempenda kwa moyo wake wote alikuwa anashuka kwenye pikapu, pale chini ya mti wa mezkiti, kuja kumwomba kwa wazazi wake. Mmoja wa wazazi hao angefurahi zaidi kama angeshuka nyoka.

"Babake yuko wapi?" mama yake, doña Amparo, aliuliza huku akikoroga chokoleti jikoni.

"Anaumwa mgongo, mama."

"Mgongo au kiburi?"

Mzee Hruska, babake Emmett, alikuwa amehama na familia yake kutoka Nebraska, akanunua kiwanda cha kufungasha machungwa na mabalungi ambacho don Eleuterio, baba yake Nereida, alikifanyia kazi tangu ujana wake. Haukupita msimu, mashine ya kiwanda hicho ikala vidole viwili vya mkono wa kulia wa don Eleuterio. Msimamizi wa zamu siku hiyo alikuwa mtoto wa mwenye kiwanda. Ndiye huyo huyo aliyekuwa anapanda ngazi za baraza sasa hivi na kikapu chake.

Wakati wa ajali Nereida alikuwa akiishi San Antonio. Alipojuana na Emmett baadaye, kwenye zahanati ambako Emmett alimleta kibarua aliyeumwa na nyuki, hakujua ni mtoto wa nani. Alipojua, alikuwa ameshapenda, na Emmett alimshika mikono akamwambia, "Nere, baba yako nilimfuata hospitalini. Nilishamwomba msamaha. Hataki tu kunisikia." Naye akamwamini, kama mtu anavyomwamini ampendaye.

Doña Amparo aliweka mwiko chini, akamvuta binti yake karibu na jiko. "Nisikilize. Yeye hajui Kihispania, baba yako hajui Kiingereza. Ulimi wao leo ni wewe. Akisema kitu cha kukwaruza, kilainishe. Akisema kitu kidogo, kikuze. Nani atajua?"

"Mama, kazi yangu haifanywi hivyo."

"Sikuulizi kazi. Nakuuliza kama unataka kuolewa."

Nereida alikuwa mkalimani wa mahakama, na kazi hiyo ilikuwa imemwingia mpaka kwenye mifupa. Mkalimani husema "mimi" ya mwenye kusema. Mwizi akikiri ameiba, mkalimani anasema, "Nimeiba," na jaji hashangai. Lolote linalotamkwa mbele ya watu hutafsiriwa, hata tusi, hata mnong'ono. Yeye mwenyewe akiwa na la kusema, hujiita "mkalimani", kana kwamba anamsemea mtu mwingine aliyekaa kando. Na neno likiwa na nyuso nyingi, mkalimani habahatishi. Husimamisha shughuli akauliza.

Hodi ilipopigwa, don Eleuterio hakuinuka kwenye kiti chake. Shangazi Socorro ndiye aliyefungua, akamwangalia mgeni kuanzia buti hadi nywele.

"Pita, kijana. Kofia hiyo inavuliwa au imegandishwa?"

Emmett hakuelewa, ila kofia alishaivua. Alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likakakamaa, na jasho lilimtoka shingoni. Macho yake yalimtafuta Nereida, yalipompata yakatulia. Moyo wa Nereida ukampiga paa.

Emmett aliweka kikapu katikati ya meza. Ndani mlikuwa na mikate ya sukari, chokoleti na chupa ya tekila iliyofungwa utepe. Kila mtu pale alijua desturi. Wazee wakikubali, mkate unamegwa na chokoleti inamiminwa. Wakikataa, kikapu kinaondoka na aliyekileta, hakuna kinachoguswa.

Kisha akasimama wima, akavuta pumzi, akaanza kusema Kihispania.

Nereida alipigwa na butwaa. Emmett, ambaye Kihispania chake kilitosha kuagiza chakula tu, alikuwa akisema posa nzima, sentensi baada ya sentensi. Alisema amekuja kwa heshima katika nyumba hii. Alisema binti wa nyumba hii ni nuru ya macho yake. Alisema anawaomba wazazi wake mkono wa binti yao, na kwamba atamtunza hadi kaburini. Matamshi yalikuwa ya kuchekesha, lakini hakukosea hata neno. Doña Amparo alijifuta machozi kwa ncha ya aproni. Hata shangazi Socorro alikuwa amefunga mdomo, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

"Umemaliza?" don Eleuterio aliuliza.

Emmett alimgeukia Nereida. Posa ilikuwa imeisha, na Kihispania kimeishia hapo hapo.

"Hata kasuku husema," don Eleuterio alisema. "Muulize kama anaukumbuka huu." Akautoa mkono wa kulia mfukoni, akauweka mezani kando ya kikapu. Pale palipokuwa na kidole cha shahada na cha kati palikuwa na ngozi laini inayong'aa.

"Baba, mwambie mwenyewe. Mtazame yeye," Nereida alisema kwa upole. "Mimi hapa sipo."

"Hupo? Na gauni lote hilo?" Don Eleuterio aliguna, kisha akamkazia macho Emmett. "Haya, wewe. Unaukumbuka mkono wangu?"

Nereida alitafsiri. Tangu hapo alizibeba sauti zao, huku na huku.

"Naukumbuka, bwana," Emmett alisema. "Sijausahau hata siku moja. Ndiyo maana nilikuja hospitalini. Nilikuja nikakwambia sori. Benavides, yule nyapara, alikuwepo, yeye ndiye aliyetafsiri."

"Benavides aliniambia unanipa pole." Don Eleuterio aliinamia meza. "Pole! Mtu akinyeshewa unampa pole. Mtu akifiwa na ng'ombe unampa pole. Mashine ilikuwa haina kinga, watu wako wameivua mbele ya macho yako, ukasema iwashwe. Halafu unakuja kitandani kwangu unanipa pole, kama vile vidole vyangu vilipigwa na radi! Na maua ukaleta. Maua! Nilikuwa nimejifungua?"

"Nilimwambia ayatupe," shangazi Socorro aliongeza. "Akanikatalia, eti chungu chake kizuri."

Emmett alipoletewa maneno hayo alipata uhai ghafla. Akamgeukia Nereida na kusema upesi upesi, "Unaona? Benavides ndiye aliyeharibu! Alichukua neno lisilo lake. Mwambie, Nere. Mwambie mimi nilisema sori."

Sasa hapo ndipo ilipokuwa kazi. Sori ya Kiingereza ni neno mvivu. Utalisema ukimkanyaga mtu, utalisema jirani akifiwa, utalisema ukikaribishwa chai na huna hamu nayo. Kihispania hakikubali uvivu huo, kama ambavyo Kiswahili hakikubali. Kuna *lo siento*, ambayo ni pole: limekupata, naumia pamoja nawe. Kuna *perdóneme*, ambayo ni nisamehe: mkosaji ni mimi, nihukumu. Anayesema la kwanza anaweza kwenda zake akalala usingizi. Anayesema la pili ameshaitoa shingo yake.

Doña Amparo alimtazama binti yake, na macho yake yalisema wazi: litie, mwanangu, ni neno moja tu. Nereida naye alikuwa amelisubiri tukio hili kwa muda mrefu. Mara ngapi alijilaza kitandani akiwaza siku atakayoliondoa neno la Benavides na kuweka la haki, na baba yake atoe mkono ule wenye kovu, na mambo yaishe? Neno lilishafika mdomoni. *Perdóneme*. Angelitamka tu angekuwa mke wa mtu.

Lakini Emmett hakusema, "Mwambie nilimwomba msamaha." Alisema, "Mwambie nilisema sori." Na alivyolisema, macho yake hayakumtazama don Eleuterio wala hayakumtazama Nereida. Yalitazama kikapu.

Nereida alinyoosha mgongo. Akasema kwa Kiingereza, kisha akarudia kwa Kihispania ili wote wasikie, "Mkalimani anaomba ufafanuzi. Neno hilo lina maana zaidi ya moja. Msemaji alikusudia ipi? Alikuwa anampa mzee pole, au alikuwa anamwomba mzee msamaha?" Kwa Kihispania aliyataja maneno yote mawili, *lo siento* na *perdóneme*, moja baada ya jingine.

Emmett alijaribu kucheka.

"Nere, mpenzi. Ni mimi."

"Mkalimani anasubiri jibu."

"Usinifanyie hivi mbele ya watu. Wewe unanijua."

"Mkalimani hamjui mtu."

"Kwani kaulizwa nini?" shangazi Socorro alinong'ona. "Mbona anatoa jasho kama kaulizwa hesabu?"

Emmett alimsogelea Nereida karibu kabisa, mpaka Nereida akasikia harufu ya sabuni yake, harufu aliyoijua na kuipenda. Akainama, akasema kwa sauti ya chini, ya kubembeleza, "Chagua lolote litakalompendeza mzee. Tumalize."

Kuhusu kilichofuata, Nereida angeweza kuapa hata mbele ya jaji kwamba hakukusudia. Miaka yote ya kazi ndiyo iliyosema. Mnong'ono ulitamkwa mbele ya watu, na mdomo wake ukautafsiri kabla moyo haujauzuia, kwa sauti ile ile kavu ya mahakamani:

"Chagua lolote litakalompendeza mzee. Tumalize."

Ni pale tu alipomwona mama yake akiziba mdomo kwa aproni ndipo alipojua amefanya nini. Ndoa yake ilikuwa mezani pamoja na mikate ile, naye ndiye aliyeisukuma ianguke.

Don Eleuterio hakufoka. Ingekuwa heri angefoka. "Kumbe mimi ni mtoto," alisema. "Natafutiwa peremende."

Emmett alijua kilichotokea bila kuambiwa. Uso ulimwiva mwekundu, kisha ukapauka. "Umewaambia?" alimuuliza Nereida. "Lile lilikuwa lako! Nilikuwa naongea na wewe!"

Na hilo pia Nereida alilitafsiri, machozi yakimlengalenga. Angefanyaje? Kazi ilishaanza.

"Keti, kijana," don Eleuterio alisema. "Umeulizwa swali zuri sana. Nami nataka kulijua jibu kuliko ninavyotaka kunywa hiyo tekila. Siku ile kitandani kwangu ulikusudia lipi?"

Emmett aliketi. Aliuzungusha ukingo wa kofia yake mikononi. Aliposema, hakumtazama mtu.

"Nilikusudia lile ambalo lisingenibana."

Nereida alitafsiri.

"Wakili wa baba ndiye aliyenituma. Aliniambia, nenda, sema sori, usiongeze kitu. Alisema sori haimfungi mtu. Nikaishika hiyo. Benavides alipotoa pole, niliuona uso wako, bwana, nikajua neno halikuwa hilo. Sikumrekebisha. Nilipumua. Na aliyeamuru kinga ivuliwe si watu wangu. Ni mimi. Matunda yalikuwa yanakwama, malori yanangoja nje, mimi nikasema ivueni."

Hapo ndipo sheria ya kazi ilipomgeukia Nereida na kumuumiza. Ilimpasa kumtazama baba yake usoni, baba aliyemfundisha kuendesha baiskeli kwa mkono ule, na kumwambia, "Ni mimi. Mimi ndiye niliyeamuru kinga ivuliwe." Sauti ilimkatika katikati. Akaianza tena sentensi, akaimaliza. Don Eleuterio alimsikiliza hadi mwisho. Kwa kitambo kidogo ilikuwa kana kwamba binti ndiye aliyemkata vidole.

"Asante, mama," alimwambia Nereida taratibu, kama alivyomwita alipokuwa mdogo. Kisha akamgeukia Emmett, na upole wote ukamtoka. "Kihispania cha kumwomba binti yangu ulijifunza?"

"Ndiyo, bwana."

"Ukakaririshwa na nani?"

"Na mama mmoja wa duka la mikate. Wiki nyingi."

"Wiki nyingi. Nuru ya macho. Hadi kaburini. Yote hayo yamekaa kichwani." Don Eleuterio alikigonga kikapu kwa kidole gumba cha mkono uliobaki pungufu. "Cha kuniomba radhi mimi hukukitafuta. Neno moja! Hata huyo mama wa mikate angekupa bure."

Emmett aliinuka kwa haraka, kiti nusura kianguke. "Basi nitalisema sasa. Nere, mwambie..."

"Mkalimani amemaliza kazi," Nereida alisema.

Naye akainuka. Hakuwa tena na sauti ya mahakamani. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, imejaa machozi na hasira.

"Uliniambia umeshamwomba! Ulinishika mikono ukaniambia. Mwaka mzima nagombana na baba yangu kwa sababu yako, Emmett. Nimemwita mkaidi. Nimemwambia ana roho mbaya, hajui kusamehe. Nimekula jikoni na mama kwa sababu meza ya baba ilinishinda. Na wewe ulikuwa unajua! Kila nikija kwako nalia, ulinifuta machozi, na ulikuwa unajua!"

"Niliogopa kukupoteza."

"Na sasa je?"

Emmett alitoka na kofia yake, na akili zilivyokuwa zimemruka, kikapu hakukikumbuka. Nereida alimfuata hadi barazani. Si kwamba alitaka kumfuata. Miguu ndiyo ilitaka.

Chini ya mezkiti Emmett aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu. Nereida hakuwa amewahi kumwona akilia, na lau angekuwa na moyo mwepesi kidogo angemkimbilia akamkumbatia hapo hapo, mbele ya pazia la shangazi Socorro.

"Nataka kurudi ndani nimwambie mwenyewe," Emmett alisema. "Umeyataja maneno mawili pale. Lipi ni lipi, Nere? Lipi ndilo la kosa langu?"

Nereida alimtazama. Amewapa maneno wezi, walevi, wanawake waliopigwa, madereva waliokimbia ajali. Amewapa wote, bila kumchagua mtu. Na huyu mmoja, aliyempenda, alikuwa anamwomba neno moja tu. Lilikuwa pale, nyuma ya meno.

"Posa ulijifunza bila mimi," alisema.

"Nere, nakuomba."

"Nikikupa, litakuwa langu. Baba ameshasikia ya kwangu. Nenda, Emmett."

Alisimama barazani hadi vumbi la pikapu likatulia barabarani. Ndipo akalia, na alilia kwa sauti, bila kujali majirani. Alimpenda mtu yule na alimchukia, na hakujua lipi kati ya hayo litakuwa limeshinda asubuhi akiamka.

Aliporudi ndani, shangazi Socorro alikuwa ameshakibeba kikapu kiunoni. "Amesahau mzigo wake. Nikimbie nikampelekee, au nikiweke getini mbwa wajiposee?"

"Kirudishe mezani," don Eleuterio alisema.

"Eleuterio, umekataa. Kikapu hakikai kwenye nyumba iliyokataa."

"Nani kasema nimekataa? Hamkunisikia nikikataa. Nilisema hajui kuomba radhi." Mzee hakumtazama mtu. Alikuwa akiifuta meza kwa kiganja, mahali ambapo hapakuwa na uchafu. "Ni kikapu cha mtu. Atakuja kukichukua mwenyewe. Atabisha, nami nitafungua mwenyewe. Ninyi nyote mtakuwa jikoni."

"Na mimi, baba?" Nereida aliuliza.

"Wewe hasa."

Doña Amparo alimtazama mumewe, akakitazama kikapu, akagusa mkate wa juu kabisa kwa kidole kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Mikate hii haina siku nyingi," alisema. "Itakauka."

Don Eleuterio aliurudisha mkono wake mfukoni.

"Basi na afanye haraka."